Kijitabu cha Sulekha Miguuni pa Mama Saraswati

Jumatatu, 19 Januari
Devkanta Sanyal mahututi! Nyota wa filamu aliyewaliza bibi zetu wote, miaka tisini na moja, kalazwa na mipira puani. Televisheni zote za Kolkata zimepiga kambi mlangoni mwa hospitali. Nimesikitika sana. Kisha nikakumbuka kijitabu.

Ni kijitabu cha nyimbo za filamu yake ya kwanza, kimoja cha vile vilivyouzwa mlangoni mwa sinema. Mjini vimebaki viwili. Kimoja anacho Ghanashyam Nandi, mwenye kibanda cha vitabu vikuukuu kinachotazamana na changu, mtu asiye na haya. Cha pili kilikuwa cha marehemu mke wangu. Alipokuwa msichana alimvizia Sanyal mwenyewe, akaandikiwa kwa wino: "Kwa Sulekha, mwenye macho ya kicheko." Hakuna aliyewahi kuyaeleza macho yale vizuri hivyo, mimi nikiwemo.

Basi: Sanyal afe, bei ipande, yule tajiri wa Mumbai anayekusanya vitu vya filamu aje anunue. Huo ndio mpango. Mungu anisamehe.

Jumanne
Binti yangu Tuli kanusa. Kasema, "Baba, ukikiuza tu, mimi nahamia kwa mama mdogo." Eti hana kitu kingine chenye jina la mama yake kilichoandikwa kwa furaha, vyote vilivyobaki ni vyeti vya hospitali. Nikaapa siuzi. Anataka siku ya Saraswati kiwekwe miguuni pa mungu huyo wa elimu, kama mama yake alivyofanya kila mwaka. Nilikubali haraka mno hadi akanitazama kwa shaka. Lakini kitabu kilichobarikiwa kina bei yake!

Jumatano
Sanyal kafa mchana. Chama tawala kikatangaza maombolezo. Upinzani ukatangaza makubwa zaidi. Sanyal akafumbua jicho, akaomba chai. Sasa kila chama kinadai ni dua zake zilizomfufua. Kwenye televisheni watu wanane wamepigiana kelele jioni nzima, je, ni mzalendo au si mzalendo? Hakuna aliyetaja hata filamu yake moja.

Nandi kavuka barabara makusudi. "Pole, Hazra," kasema, "nasikia mgonjwa wako kapata nafuu." Mshenzi!

Ijumaa, 23 Januari
Sikukuu ya Saraswati. Leo ni mwiko kusoma au kuandika. Naandika kwa penseli, nadhani haihesabiki.

Asubuhi kijitabu kiliwekwa miguuni pa sanamu, chini ya maua ya manjano, pamoja na vitabu vya shule vya mtaa mzima na vidau vya wino vilivyojazwa maziwa, kama ilivyo desturi. Havikuwa vya kuguswa hadi kesho. Na hapo ndipo Sanyal akafa, safari hii kweli! Tajiri wa Mumbai akapiga simu: yuko mjini kwa harusi, anaondoka jioni. Nikamsihi angoje kesho. Akasema cha Nandi kiko mezani, hakimngoji mungu yeyote.

Nikasubiri watu waende kula wali wa dengu. Nikapiga magoti kama mcha Mungu. Nikapenyeza mkono. "Baba!" Tuli, nyuma yangu. Nikashtuka, kidau kikapinduka.

Maziwa yalikwenda kwenye ukurasa ule ule. Wino wa zamani hauna subira. "Kwa" limebaki. Sulekha hayupo. Nikafuta kwa pindo la kurta yangu, nikazidisha balaa. Tuli hakunigombeza. Angenigombeza, ningepumua.

Jumamosi
Asubuhi, kabla vitabu havijachukuliwa, watoto huandika jina la Mama Saraswati juu ya jani kwa kalamu ya tete na maziwa. Tuli kaandika la mama yake. Nikashindwa kusimama pale.

Nandi kauza chake. Kaja kibandani, nikajikaza kupokea kejeli. Akasema tu, "Pole, ndugu yangu. Nilikuwa nampenda yule shemeji, alikuwa na cheko lake." Akaacha vitamu vya maziwa juu ya meza, akarudi kwake. Nililia mbele ya wateja.

Tuli kahamia kwa mama mdogo wake. Kaenda na kijitabu kimevimba kama mkate uliolowa.

Jumanne, 27 Januari
Nyumba kimya. Najipikia wali, unaungua, naula. Sikujua kuwa mtu mmoja akiondoka, mke naye huondoka mara ya pili. Nimesimama mbele ya picha ya Sulekha nikaapa: sitafanya tena biashara na kumbukumbu zake. Nilimaanisha kila neno.

Jioni televisheni imetangaza: mwimbaji Kanaklata Guha kalazwa, kifua kimembana. Maskini! Sauti kama ile! Sulekha alikuwa na santuri yake, nadhani yenye sahihi, ndani ya sanduku lake la bati.

Nimempigia Tuli. Nimemwambia namkumbuka, nyumba haikaliki, arudi kwa baba yake. Yote kweli, sauti ilinikatika. Naye akalia, akasema, "Nakuja kesho, Baba." Nikamwambia aje salama, na asisahau ufunguo wa sanduku la mama yake.