Bahari ya Gharibu Yatafuta Mwonjaji

Redio alifika benchini kwangu, hapa Kasulu, kabla kahawa haijachemka. Jina lake Stanislaus, ila habari haimkai tumboni.

"Bibi, mmesikia? Gharibu kaleta bahari. Iko dukani kwake ndani ya kioo, pembeni ya magodoro."

"Acha fiksi," akasema Baharia. Huyo ni Pasikali, mzee wetu. Alifanya kazi melini miaka tisa, na hakuna asubuhi anayotunyima hadithi zake.

"Kweli tupu. Ina pampu, inabubujika."

Mimi nikawatega: "Nina mpangaji, akitoka nje anakufa, akibaki ndani anakunywa nyumba."

"Samaki," akajibu Gharibu mwenyewe, akija mbio na kikombe cha maji, kakifunika kwa kiganja. "Na ndio walionileta, Bibi. Mdogo wangu Mansuri yuko Tanga, anao wawili, wadogo kama kidole, rangi ya chungwa. Anataka kuwapakia kwenye basi leo, lakini kwanza nimhakikishie maji. Chumvi ikikosea, wanakufa."

"Kwani huna kipimo?" nikauliza.

"Kilivunjika kwenye roli. Nimekoroga kwa kukadiria, maji yamezunguka wiki tano stoo, jana ndio nimeyatoa dukani."

"Umeweka chumvi ya Uvinza?" akadakia Redio.

"Hiyo ni ya maharage. Ya samaki wa bahari imetoka Dar, kwenye ndoo yake."

"Kumbe hata chumvi zina makabila."

"Niacheni utani. Nani hapa anaijua ladha ya bahari? Mimi nilitoka Tanga nikiwa mgongoni."

Wote tukamgeukia Baharia. Akavua kofia, akapiga funda, akalizungusha mdomoni kama mnunuzi wa asali, akatema.

"Imezidi. Bahari haiwi hivi. Ya kweli unanawa uso, unakunywa, unaendelea na safari."

"Nipunguze kiasi gani, mzee wangu?"

"Mwagia humo ndoo mbili za maji ya bomba."

"Kamulia na ndimu kabisa, iwe supu," akasema Redio.

Gharibu akapiga simu, akaweka spika. "Mansuri, nimepata mtaalamu. Naongeza ndoo mbili za bomba, wewe wapakie."

"Mtaalamu gani, kaka?"

"Baharia. Miaka tisa melini."

"Shikamoo, mzee," ikasema simu.

"Marahaba, mwanangu."

"Mkishaondoka bandarini, mbele yenu mlikuwa mnaona nini?"

Baharia akatabasamu. Ndiyo maswali anayoyapenda. "Milima ya Kongo, mwanangu. Kukiwa kweupe unaiona yote."

Simu ikamrudia Gharibu.

"Kaka Gharibu, usiguse hiyo ndoo. Samaki wanabaki Tanga. Leo napakia kipimo kipya, na chupa ya maji ya huku muonje."

Redio alikuwa ameshateleza chini ya benchi kwa kicheko. "Miaka yote unatupiga kamba, kumbe ni ziwa!"

"Kamba ipi? Melini nilikuwepo. Jina la Baharia mlinipa wenyewe, na hakuna aliyeniuliza ni maji gani."

Nikamjazia kikombe, maana uso ulikuwa umemshuka. Akanywa taratibu, kisha akamvuta Gharibu shati.

"Hiyo chupa ikifika, mwanangu, na mimi nionje. Sijawahi."

"Utaonja wa kwanza, mzee wangu," akasema Gharibu. "Ila ukishaonja, usinishauri kitu."