Kompyuta ya Akiba ya Makurunge

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leo kikao. Bi Mwanamkasi, meneja wetu hapa ushirika wa wakulima wa mboga wa Makurunge, kaniuliza mbele ya watu: kompyuta hii ikifa ghafla, nani atamwagilia? Maana kompyuta ndiyo inayopanga kazi zote. Inawasha pampu kwa saa, inafunga, inawatumia wakulima ujumbe wa zamu zao. Nami ndimi karani anayeiangalia. Nikajibu kwamba Mwenyezi Mungu hatatutupa. Akasema hilo halina shaka, ila anataka na karatasi. Mpango kamili wa dharura! Jaribio Ijumaa baada ya swala, wakulima wote wakishuhudia.

Shuaibu, fundi wa pampu, akacheka. Yeye mpango wake ni spana na daftari la zamu. Masikini. Nafasi ya msimamizi wa mitambo iko wazi, na sote wawili tunaitaka.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata kompyuta ya pili, ya akiba. Nimeiweka meza moja na ile ya kwanza, waya mmoja wa umeme, ili zizoeane. Shuaibu kauliza kama moto ukizuka utachagua ya kuunguza. Wivu tu. Lakini nimeihamishia stoo.

Ratiba, waliyoiweka waliotuuzia mashine ya kwanza, ilikataa kunakilika, nikaiandika upya kwa mkono, kutoka kichwani. Shamba la Mzee Mbaruku, saa kumi na moja alfajiri. Nikaandika 11. Kompyuta ikapokea bila swali. Mashine yenye adabu!

Maelekezo yanasema ya akiba ilale mpaka ya kwanza ife. Sikuona sababu. Kwa nini mmoja alale na mwenzake anahangaika? Nimeziacha zote kazini.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa.

Alfajiri kompyuta ya kwanza ilimwagilia vizuri. Mzee Mbaruku akaja, akamaliza zamu, akarudi kwake Zinga. Saa tano asubuhi, jua kali, simu yake ikalia tena: zamu yako imeanza. Ya akiba hiyo! Alipofika, maji yalikuwa yameshalaza miche yake ya nyanya na kuingia kwa jirani yake, Bi Dija, ambaye alikuwa amesimama katikati ya mchicha, viatu mkononi, akimtaja aliyenizaa.

Shuaibu akafunga pampu kwa spana.

Meneja akauliza kwa nini saa tano. Nikasema ni saa kumi na moja, akaangalie mwenyewe, kioo kinasema 11. Akaangalia kioo, akaangalia jua, akaniangalia mimi. Shuaibu akasema taratibu, “Mikdad, kompyuta haihesabu saa kwa Kiswahili.” Nikamwambia najua.

Sikujua. Miaka mitatu nakaa na mashine hii!

Alhamisi, 14 Agosti

Nimerekebisha saa zote. Za alfajiri unatoa sita. Za jioni unaongeza sita. Au kumi na mbili? Katikati Bi Dija akapiga simu, nikasahau nilipofika, nikaanza upya toka juu. Sasa shamba moja linaonyesha kumwagiliwa saa ambayo sijapata kuisikia. Nimelifuta. Kisha nikaizima ile ya akiba, ilale kama ilivyoelekezwa, na kuiwekea nywila ndefu Shuaibu asiiguse.

Mchana nikaenda kumtaka radhi Mzee Mbaruku. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba ikachelewa sana. Nikamweleza habari za mitambo miwili, zamu, ratiba. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, nyanya haisomi ujumbe.” Akanipa jembe. Tumepanda upya matuta manne mpaka alasiri. Mgongo umekatika. Hakunilaumu hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma. Kesho lazima mpango ufanye kazi.

Ijumaa, 15 Agosti

Wakulima wote walikuja, wengine na kanzu zao za msikitini. Bi Mwanamkasi akasema zima. Nikachomoa waya wa kompyuta ya kwanza kwa madaha. Nikaingia stoo, nikaiwasha ya akiba. Ikadai nywila.

Nywila nimeiandika. Imo ndani ya mpango wa dharura. Mpango wa dharura umo ndani ya kompyuta ya kwanza.

Nikaomba ruhusa niiwashe kidogo tu, nisome. Meneja akasema, “Imekufa, Mikdad. Maiti haisomwi.” Nikajaribu jina la mama. Nikajaribu jina la mama kwa herufi kubwa. Mara nikasikia maji. Shuaibu na spana yake na daftari lake, dakika sita, pampu zote! Wakulima wakapiga makofi. Nami nikapiga, nisionekane nimenuna.

Jumamosi, 16 Agosti

Shuaibu ndiye msimamizi wa mitambo. Meneja kasema daftari lake ndilo mpango wa dharura, nami nilichape nakala tatu. Shuaibu, bila kejeli, kanialika Jumatatu anifundishe kufungua pampu kwa mkono. Nimemwambia nitabanwa.

Na kweli nitabanwa. Batuli, muuguzi wa zahanati ya kijiji cha pili, kaniandikia: kompyuta inayopanga zamu za wauguzi wao inasumbua, wanaogopa siku moja itazimika moja kwa moja. Je, namfahamu mtu wa kuwaandalia mpango?

Nimemjibu atulie, amepata mtu mwenye uzoefu.