Risasi Niliyoifuata Mpaka Nyangwe

Ndugu zangu, leo uso wangu sijui nitauweka wapi.

Nawasimulia mwenyewe, sasa hivi, kabla hamjasikia kwa wengine. Wamaza nzima, kijiji chetu chote, inajua tayari. Hata mbwa wa kuwindia wananiangalia kwa upande. Kwa hiyo nyamazeni, mnywe polepole, msinikatize.

Mnajua mjomba wangu Lukuli, mwindaji wa Shefu, alituacha mvua zilipoanza. Mnajua pia kwamba mwindaji wa Shefu halimi pamba. Sisi wengine wote Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, ametupimia mashamba, na kapita wa pamba, msimamizi wake, anapita na fimbo yake kuangalia nani hajapalilia. Mwindaji hapimiwi kitu. Analeta nyama, anakaa kivulini, anasalimiwa. Tangu tumzike mjomba, mimi Yuma nimeitamani nafasi ile kuliko kitu chochote. (Habari ya shabaha yangu mtu asiniulize.)

Sasa, majuzi mjane wa mjomba aliniita nimsaidie kubomoa uchaga ulioko juu ya jiko lake. Mchwa walikuwa wameumaliza. Nikapanda, nikapapasa kwenye masizi, nikavuta kitu kirefu, kizito, kimefungwa ndani ya ngozi ya swala. Mtu mwingine angekiweka chini akaendelea na kazi. Mimi nikiona kitu kimefungwa, vidole vinaniwasha. Nikafungua.

Bunduki!

Tena si gobori la mjomba, lile lililompasukia mkononi. Hii ilikuwa bunduki ya kweli ya Ulaya, ya kuwindia wanyama wakubwa, mtutu mnene, imepakwa mawese mpaka inateleza. Ukivuta kipini chini ya kitako, kuna mlango mdogo wa chuma unashuka, na ndani unaona tundu la kuingizia risasi moja, moja tu. Nilifungua na kufunga mlango ule mpaka mjane akakasirika.

"Weye, acha basi! Iliachwa na Muzungu mumoja wa pembe za tembo. Alipita hapa zamani, akagonjwa, akabebwa na machela. Hakurudi."

"Na mjomba hakuwahi kuipiga?"

"Ataipiga na nini? Risasi yake iko ya zamani, haiuzwe tena. Alitafuta mpaka akachoka, akaifunga."

Alitafuta mpaka akachoka. Mngeniona! Mtu akiniambia kitu hakipatikani, usingizi unaisha. Nikaibeba bunduki moja kwa moja mpaka kwa Shefu. Aliigeuza, akachungulia mtutu, akanichungulia na mimi.

"Inapiga hii?"

"Inapiga, Shefu." (Nilikuwa nimejuana nayo kwa muda wa kutoka jikoni mpaka barazani kwake.)

"Basi sikia, Yuma. Nguruwe wa pori wanamaliza muhogo ya watu. Ukiua mumoja na hii, mbele ya watu wote, weye ndiye muwindaji wangu. Jembe yako umpe mutu mwingine."

Moyo wangu ulicheza ngoma. Lakini nikakumbuka kuuliza habari ya ruhusa ya kuwa na bunduki. Shefu akacheka.

"Bunduki isiyopiga iko chuma tu. Chuma haiombewe ruhusa. Siku itapiga, nitaipeleka mimi mwenyewe Kabambare kwa Bula Matari iandikwe. Lakini weye, huko utakakotafuta, usitaje bunduki. Usitaje risasi. Ukikamatwa, mimi sikujui."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniua, ila wakati ule niliyaona ya busara.

Sasa utatafutaje kitu usichoruhusiwa kukitaja? Nilikaa nikawaza. Halafu nikachukua nta ya nyuki, nikaiyeyusha ndani ya kopo. Nikaziba mtutu kwa kitambaa, nikaimimina nta kupitia ule mlango mdogo, nikangoja igande. Mawese yalisaidia, ikachomoka bila kukatika. Hapo nikawa nimeshika mkononi umbo lenyewe la risasi: ndefu, nene, imenyooka toka kitakoni mpaka juu, bila shingo. Nilijisifu siku nzima. Nikaifunga kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa ili jua lisiiharibu, nikadandia lori la pamba mpaka Kasongo.

Kasongo nilianza na maduka. Nikamwonyesha mwenye duka wa kwanza, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Natafuta kitu cha ukubwa huu."

Akaniletea mshumaa.

Wa pili akaniletea mpini wa patasi. Fundi cherehani aliniuliza kama ni filimbi ya mtoto. Muuguzi mmoja, tuliyekutana naye mlangoni mwa duka la chumvi, aliishika nta yangu, akaitazama, akanitazama, akanivuta pembeni kwa huruma.

"Ndugu, hiyo ni dawa ya kuingiza nyuma. Unaumwa tangu lini?"

Nikasema siumwi. Akasema wote wanaanza kwa kukataa. Nikaondoka haraka, na yeye huku nyuma akinipa pole mbele ya watu!

Jioni nilipata bahati kidogo. Askari mmoja mstaafu, anayeuza mkaa siku hizi, alikuwa na risasi mbili kuukuu amezitundika mlangoni kama pambo. Nilinunua mkaa nisiouhitaji ili nizikaribie. Moja ilikuwa nyembamba, ya bunduki za sasa. Ya pili ilikuwa nene, nikapata matumaini, lakini juu imebanwa shingo kama chupa. Nikaweka nta yangu kando yake. Hapana. Yangu ilikuwa ndefu zaidi, na haina shingo. Mimi na mfuko wangu wa mkaa tukaenda kulala.

Usiku nikajiuliza: Wazungu wa pembe walikuwa wakipita wapi? Nyangwe! Asubuhi nikashika njia.

Pale Nyangwe, sokoni kando ya Lualaba, alikuwapo bibi mmoja anayeuza samaki wa kukaushwa, wanamwita Bibi Zaina. Mtandio safi, macho makali. Nilifungua majani yangu mbele yake kwa sababu nilikuwa nimechoka, si kwa sababu nilitegemea kitu. Akaitazama nta. Akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Kumbe ndiyo unatafuta? Si iko hapa!"

Akaingiza mkono ndani ya nguo, akavuta uzi shingoni, na kwenye uzi ikatoka. Ndugu zangu, ilitoka yenyewe! Shaba tupu, inang'aa kwa kushikwashikwa, ndefu, nene, bila shingo, na juu ncha ya risasi imekaa kwa heshima zote. Nikaiweka kando ya nta. Sawasawa!

Kitako chake kilikuwa na kidonda kidogo katikati, kama kimewahi kugongwa na msumari. Nilikiona. Naapa nilikiona. Nikajiambia, hiyo ni alama ya kiwanda. (Chekeni tu.)

"Bibi, unipe hii."

"Nitabaki na nini mimi? Hii ilikuwa ya bwana yangu. Lakini kijana wa siku hizi kupenda vitu vya wazee, naona vizuri. Nipe ile shati."

Shati langu la kaki, jipya! Nikalivua pale pale. Hakuniuliza naipeleka wapi, nami sikumwuliza alikuwa anaitumiaje, maana Shefu alikuwa amenifunga mdomo. Nilipokuwa naondoka akaniita.

"Mutoto yangu! Usiitie maji! Ikilowa imeharibika!"

Nikamjibu kwamba hilo nalijua. Baruti na maji, nani asiyejua? Nikarudi nyumbani kifua wazi, na mali yangu nimeishika mkononi njia nzima.

Basi, ndiyo tukafika leo.

Asubuhi Shefu aliita nyavu zote. Wanaume wakazifunga kwenye miti kuzunguka kile kichaka cha nyuma ya mashamba ya muhogo, na kila wavu mtu na mkuki wake. Mbwa wakavalishwa kengele za mti. Kina mama walikuja na vikapu vya kubebea nyama. Shefu alikuja na kiti chake na kisu chake cha kukatia paja, maana paja ni lake. Mimi nikawekwa kwenye mwanya, mahali ambapo hapana wavu, mimi na bunduki tu.

Hapo ingefaa ninyamaze. Lakini nilikuwa na watu wote mbele yangu, wananitazama, na wengine ni wale wale wanaoniita Yuma wa maneno. Nikapanda juu ya kisiki, nikatoa hotuba.

"Hii si gobori! Hii iko bunduki ya tembo! Sauti yake inapasua masikio. Mukiona nguruwe anatoka, kila mutu azibe masikio, vidole viwili, mpaka ndani. Asiyeziba, asinilaumu."

Mzee Sadiki, mwenye wavu ulio karibu nami, akauliza, "Na mikuki?"

"Mikuki muweke chini, mzee. Mikuki ni ya nini?"

(Mikuki ni ya nini! Nimelisema mimi, kwa mdomo huu.)

Mbwa wakaingia. Kengele, tok, tok, tok, mara kimya, mara kelele. Vichaka vikatikisika. Akatoka nguruwe dume, nywele zimemsimama mgongoni, meno nje. Wanaume wote wakatupa mikuki chini na kuziba masikio. Kina mama wakaziba. Shefu kwenye kiti chake akaziba, kisu amekibana kwapani.

Nguruwe akasimama. Akanitazama. Nami nikamlenga kifuani, karibu kabisa, mahali ambapo hata mimi nisingeweza kukosa. Nikavuta.

Tik.

Ni hivyo tu. Tik. Hata panzi hakuruka. Nikavuta kipini, nikafunga, nikapiga tena. Tik! Nguruwe akageuza kichwa kidogo, akatazama watu wale wote waliosimama na vidole masikioni. Nadhani hajawahi kuona kitu kama kile. Kisha akapita. Hakukimbia! Alitembea kati yangu na Mzee Sadiki, akakanyaga mkuki wa Mzee Sadiki, akaingia kwenye majani, akaenda zake. Na Mzee Sadiki alikuwa amefumba macho pia, kama wengine wote, maskini, anangoja mlio.

Mtu mwenye akili angepiga ukelele. Angesema chukueni mikuki. Mimi nilikuwa na swali moja tu kichwani: kwa nini haikupiga? Nikafungua mlango, nikaitoa risasi, nikaisogeza karibu na macho. Nzima! Nikaitikisa karibu na sikio. Kuna kitu ndani kinasema sa, sa, sa. Nikaishika ncha yake kwa meno, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Ikachomoka ghafla.

Ugoro! Ugoro mkali wa Nyangwe, uliosagwa na magadi, miaka sijui mingapi umekaa humo! Ukaingia puani wote, na machoni, na kooni. Nikavuta pumzi nilie, nikauvuta na uliobaki. Halafu nikapiga chafya. Ndugu zangu, sijawahi kupiga chafya kama ile. Ilitoka kwenye magoti.

Na wale watu, wakiwa na vidole masikioni, wakasikia mlio.

"Imepiga!" Mzee Sadiki akaruka juu.

"Imepiga! Imepiga!" Vigelegele! Kina mama wakavibeba vikapu wakakimbia mbele wakiimba jina langu. Yuma, Yuma baba wa nyama! Nikapiga ya pili, wakashangilia, "Anarudilia!" Shefu akaja na kisu chake, anatabasamu, anatafuta paja.

Akanikuta mimi. Machozi yanatiririka, pua imevimba, uso wote wa rangi ya ugoro, mkono mmoja nimeshika bunduki ya tembo na mkono wa pili lile ganda la risasi iliyokwisha pigwa zamani, kumbe kikopo cha ugoro cha bibi.

"Nguruwe iko wapi?"

Nilitaka kujibu. Nikampigia chafya kifuani.

Shefu akakichukua kile kikopo mkononi mwangu, akakitazama ndani, akakinusa. Akafumba macho. Akapiga chafya yeye, kubwa, ya heshima, akapangusa pua.

"Hii iko tumbako ya Nyangwe," akasema polepole. "Ya kweli. Tangu baba yangu afe sijaionja."

Mzee Sadiki akanyoosha kiganja. Wazee wengine wakajipanga. Mmoja, sitamtaja, alikuwa anaokota chembe zilizobaki begani kwangu. Kichaka kizima kikawa chafya tupu, wazee wanapongezana, na kina mama wamesimama na vikapu vitupu wananitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile. Nilitamani nguruwe arudi anichukue.

Mwisho Shefu akaniwekea mkono begani.

"Yuma, usilie. Kazi nakupa."

Mnasikia? Nikapiga magoti. Nikasema asante Shefu, asante baba, nitajifunza shabaha, nitatafuta risasi nyingine hata kama ni huko ng'ambo.

"Risasi gani tena? Tumbako hii ikiisha, weye ndiye utaenda Nyangwe kuileta ingine."

"Na pamba, Shefu?"

"Pamba utalima ukirudi."

Basi ndiyo hivyo, jamaa. Kapita amesema kesho asubuhi anaanza na shamba langu. Chekeni leo mpaka mshibe, nimewaruhusu. Lakini kesho nikiwa nimeinama kwenye pamba, atakayepita njiani na mafua yake, tafadhali, azunguke.