Nyasi za Ndani ya Ukuta

Jumatatu, 9 Julai

Mvua hakuna tangu Mei. Majros, ng'ombe wangu wa pekee, ananitazama kana kwamba ukame nimeuleta mimi. Leo dukani jirani yangu Gunvor, mwenye ng'ombe kumi na wanne, kaniuliza mbele ya watu eti yule ninayemfuga ni ng'ombe au ni kiti. Wakacheka! Ngoja maonyesho ya mifugo ya Agosti. Atajuta.

Nyasi zipo. Nyuma ya msitu wa kanisa, ndani ya ule ukuta wa mawe, zimefika kiunoni. Kijani kibichi! Hakuna anayezigusa. Marehemu bibi hakuchuma hata tunda mle. Alisema wamelala ng'ombe wa babu yake, waliokufa kwa mkupuo, tusiwaamshe. Mambo ya wazee hayo.

Jumanne, 10 Julai

Nimefyeka alfajiri, kwa fyekeo la mkono. Mashine ingenisaliti. Mle ndani hakuna upepo. Hakuna ndege. Hata mbu hakuna, na Julai ndio msimu wao huku! Nikagonga mfupa wa taya uliochomoza ardhini. Meno yote yapo, kunizidi mimi. Nikautupa nje, ukanikwaruza mkono. Wakati wa kutoka nilihisi natazamwa mgongoni. Nikaimba kwa sauti. Haikusaidia.

Nusu nimempa Majros. Alizinusa kwa muda mrefu kabla ya kula. Nusu nimeificha kwenye sauna, kibanda changu cha kuogea mvuke, mbali na macho ya Gunvor.

Jumamosi, 14 Julai

Majros kafa! Jana alikuwa mzima. Damu nyeusi inamtoka puani na haigandi. Maskini Majros wangu. Nimelia.

Ule mkwaruzo umekuwa kidonda cheusi tii. Hakiumi hata kidogo, kwa hiyo si kitu.

Nikaamua kumzika kimya kimya ndani ya ukuta, awe na wenzake. Nikiwa na koleo mkononi akatokea Gunvor. Akamwona Majros, akauona mkono wangu, akarudi nyuma. "Usimguse, Evert! Weka koleo chini, mpumbavu wewe!" Kisha akapiga simu. Mbea.

Jumatatu, 16 Julai

Hospitali. Dripu. Ni kimeta. Daktari wa mifugo, Bi Sigbritt, kaja amejifunika gubigubi, macho tu ndiyo yanaonekana. Kasema ugonjwa huu hulala udongoni miaka mingi kuliko umri wa mtu, ukisubiri. Majros wamemchoma moto. Kaniuliza kama nyasi zimebaki. Nikajibu alizila zote. Sauna yangu si ya kupekuliwa na serikali.

Gunvor kaleta mikate ya mdalasini. Daktari anasema asingepiga simu ningekufa. Nimekula mikate yote.

Jumapili, 29 Julai

Nyumbani. Gunvor kaja kulia kwenye ngazi za mlango wangu, Gunvor huyo huyo! Malisho yamemwishia. Keshokutwa lori linawachukua ng'ombe wote kumi na wanne machinjioni. Anawaita kwa majina huku analia. Nikashindwa hata kumcheka.

Kaniokoa maisha, na mimi si mtu asiye na shukrani. Alipoondoka nikafungua sauna. Ajabu, nyasi hazijanyauka. Kijani vilevile, zinanukia vizuri, na ndani kimya kabisa. Kesho akiamka atazikuta zote zimejaa horini mwake.

Wema hauozi.