Ombi la Kubaki na Mashini ya Kushona Niliyopewa Mara Tano

Likasi, Kikula, tarehe 19 Novemba

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Tume ya Kurekebisha Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Faida

Mheshimiwa,

Kwanza naomba radhi kwa kukuandikia. Ningekuja kusema kwa mdomo, lakini mbele ya watu sauti yangu hunikimbia. Mama anasema hata salamu zangu huzisikia kuku peke yao. Redioni walitangaza kwamba mwananchi mwenye wazo lolote juu ya sheria ya mashirika haya, ambayo huku kwetu tunayaita ASBL, alilete kwa maandishi. Baba mdogo Evariste, ambaye ni karani, aliniazima nakala ya sheria ya sasa. Nimeisoma yote mara mbili, kwa sababu tangu nipate diploma ya sekondari mwezi wa Julai sina kitu kingine cha kusoma.

Jina langu ni Fortunée Kalombo. Nina miaka kumi na minane. Nimepewa mashini ya kushona mara tano. Sina mashini ya kushona. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sheria haisemi msaada udumu muda gani. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti. ASBL moja ya kusaidia mabinti, ambayo rais wake ni Mama Cathy, ilinichagua kanisani kwetu. Mashini ilikuwa nyeusi, yenye maua ya dhahabu shingoni, ya kukanyaga kwa miguu. Nilifurahi hasa kwamba ni ya miguu, maana nyaya za umeme wa bwawa la Koni zinapita juu ya nyumba yetu tangu sijazaliwa na hazijawahi kushuka. Nilishika gurudumu, Ricky mpiga picha akapiga picha nne, watu wakaimba. Kisha dereva, yaya Shalom, kama tunavyowaita kaka zetu wakubwa, akaipakia mashini kwenye pikapu. Nilidhani anaipeleka kwetu, nikakimbia mbele kwenda kufungua mlango. Baba, ambaye huvunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe, alikuwa ameacha kazi siku hiyo ili asawazishe sakafu pale dirishani. Mama alikuwa amehamisha gunia la makaa. Pikapu ikapita mbele ya nyumba yetu. Yaya Shalom alitupungia mkono. Sisi pia tulimpungia.

Napendekeza msaada udumu angalau mpaka aliyepewa aufikishe nyumbani.

2. Sheria haisemi mtu mmoja asaidiwe mara ngapi kwa kitu kilekile. Mwezi wa Septemba, huko mtaa wa Panda, binti aliyechaguliwa aliharibu sherehe. Aliuliza mbele ya wageni, «Na sindano iko wapi?» Watu wakatazama, wakaona ni kweli, mashini haina sindano. Mama Cathy akaniita mimi niliyekuwa nimekaa nyuma. Akaninong'oneza, «Fortunée, mwanangu, weye uko na uso wa kusaidiwa. Inamisha tu kichwa, usiseme kitu.» Sikusema kitu. Hilo ndilo jambo ninaloliweza. Baada ya hapo nikaitwa kwenye sherehe kule Shituru, nikaitwa sokoni, nikaitwa tena kanisani kwetu, ambako mchungaji aliomba kwa machozi kwamba mashini yangu hii iwe na maisha marefu kuliko zile nyingine. Tangu Panda natembea na sindano moja ya mashini kwenye ukosi wa nguo, ikiwa itahitajika.

3. Sheria inadai orodha ya wanachama, lakini haijali orodha ya waliosaidiwa. Mheshimiwa, hapa ndipo panaponiuma. Mama Anne ni fundi mwenye karakana yake karibu na soko. Alikubali kunifundisha kazi kwa sharti moja, niende na mashini yangu mwenyewe. Kumbe alikuwa ameona picha zangu za sherehe zote tano zimebandikwa ukutani kwenye ofisi ya ASBL. Nilipokwenda kumwomba anipokee mikono mitupu, alicheka mpaka wanafunzi wake wakaacha kushona. «Weye mutoto, uko na mashini tano na unakuya kulia kwangu? Leta moja tu. Zile ingine nne, kaa nazo.» Nilitaka kumweleza, sauti ikanikimbia. Ameniwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi huu, kisha atampa mwingine. Na Glodie, jirani yetu, akiniona napita hupiga kelele, «Madame Mashini! Nguo yangu imepasuka, utashona lini?» Wote barazani wanacheka. Mimi pia hucheka kidogo, nisionekane mwenye kiburi.

4. ASBL haiwezi kufanya kazi bila kibali, lakini msaidiwa anafanya kazi bila karatasi yoyote. Napendekeza nasi tupewe kibali chenye mhuri, baada ya uzoefu wa sherehe tatu. Kazi hii ina ufundi wake. Lazima ujue kuinamisha kichwa bila kufumba macho. Lazima ujue kupokea kwa mikono miwili kitu usichopewa. Hotuba ikipita saa moja usitikise mguu, maana Ricky anaweza kuwa anapiga picha.

5. Sheria inataka wanachama wakutane kila mwaka. Katika ASBL ya Mama Cathy sijawahi kuona wanachama wote mahali pamoja. Mmoja yuko safarini, mwingine ana kilio. Mashini peke yake haijakosa sherehe hata moja, mvua au jua. Napendekeza sheria iitambue kama mwanachama, na ikiwezekana iwe rais. Haina hotuba.

Kifungu kinachosema shirika lisitafute faida sina lalamiko nacho. Kwa upande wangu linakifuata kabisa.

6. Ikiwa yote haya ni magumu, basi naomba jambo moja tu. Sheria iweke siku moja kwa mwaka ambapo sisi tuliosaidiwa tutakwenda kuwasaidia waliotusaidia. Tutafika kwa Mama Cathy kwa nyimbo. Tutamkabidhi kiti kizuri cha mito. Ataketi, atainamisha kichwa, Ricky atapiga picha nne, kisha tutaondoka na kiti. Sina nia mbaya. Nataka tu aone jinsi pikapu inavyoonekana ikipita, ukiwa umesimama mlangoni.

Mheshimiwa, nimemaliza. Nakuomba uwasalimie wajumbe wote wa Tume, waandishi wao, na yule atakayefungua bahasha hii. Mama anakusalimu. Baba naye anakusalimu, na anasema sakafu bado iko sawa.

Ni mimi mwananchi wako mtiifu, msaidiwa mara tano,

Fortunée Kalombo

Nyongeza: Mheshimiwa, nilikuwa bado sijafunga bahasha. Juzi mvua kubwa ilinyesha, na pikapu ikazama kwenye tope mbele ya nyumba yetu. Ili kupunguza uzito, yaya Shalom na Baba waliishusha mashini wakaiweka pale dirishani. Imekaa sawasawa, haichezi hata kidogo. Yaya Shalom akasema, «Muichunge, tutairudilia Ijumaa.» Sindano ya kwenye ukosi wangu imeingia kwenye mashini kwa jaribio la kwanza. Usiku ule nikaisoma sheria mara ya tatu. Haisemi msaada udumu muda gani. Wala haisemi anayetoa awe nani. Kwa hiyo Mama, Baba, baba mdogo Evariste na mimi tumeanzisha ASBL yetu ya kusaidia mabinti wa Kikula, na kibali tumeshaomba. Mashini ni mali ya shirika, na kuanzia kesho itakuwa kwa Mama Anne pamoja na rais, ambaye ni mimi. Nakuomba basi, hayo niliyoandika juu uyasahau, msibadilishe kifungu hata kimoja, angalau mpaka Ijumaa ipite. Kazi tumeshaanza. Jana tulimkabidhi Glodie mashini. Baba mdogo alipiga picha kwa simu yake. Mara ya kwanza Glodie hakuinamisha kichwa vizuri, ikabidi turudie. Alifurahi sana. Baadaye akakimbia mbele kwenda kufungua mlango kwao.