Mawe Saba ya Greda

Redio ya Koleta, muuza kahawa wa kijiweni, ilipomaliza kusoma salamu ikaingia taarifa ya michezo, na habari ya tatu ndiyo iliyochafua hewa. Wasichana wa riadha walioko kambini, alisema mtangazaji, wananyanyua vyuma kila asubuhi kabla ya kukimbia na kurusha. Tumainieli, aliyekuwa anapuliza kahawa yake, akakiweka kikombe chini taratibu.

Mfukoni mwa shati alikuwa na barua ya afisa utamaduni. Binti yake Dorkas, mrusha tufe na mcheza netiboli, anatakiwa kwenye kambi hiyo hiyo, na gari linaondoka Same kesho saa mbili. Ilitakiwa saini ya mzazi na saini ya mjumbe wa nyumba kumi. Ya mzazi ilikuwepo tangu jana. Ya mjumbe ndiyo iliyomleta kijiweni mapema.

Mjumbe mwenyewe, Linus, alikaa mkabala naye. Walimwita Kamati, maana hakuna jambo lililopita mbele yake bila kuundiwa kamati, na mwenyekiti akawa yeye.

"Hapo ndugu zangu tumekwisha," Kamati alisema akiielekeza kashata kwenye redio. "Mwanamke na vyuma wapi na wapi?"

Akaanza kumwaga hoja. Mcheza netiboli akishika vyuma mabega yatakakamaa, mpira wa kutupia golini Same utadakiwa Mwanga. Mkimbiaji naye mapaja yatakuwa mazito hivi kwamba wenzake watamaliza mbio, wataoga, watakula, ndipo yeye atokee. Na huyo atakayemwoa atakuwa anaomba ruhusa hata ya kukohoa. Benchi zima likacheka. Tumainieli naye akacheka, kisha akajionea aibu kwa kucheka.

Sefu hakucheka. Alikuwa mkata mkonge aliyetoka Kigoma, mwembamba, na jina lake pale lilikuwa Mkonge.

"Kamati, wewe umewahi kurusha tufe?"

"Mimi ni kiongozi."

"Ndiyo maana." Sefu akakiendea kinu cha Koleta cha kutwangia kahawa, akachuchumaa, mgongo kaunyoosha, akasimama nacho kifuani. "Tazama. Nguvu inaanza kwenye nyayo, inapanda mapajani, inapita kiunoni, mkono unamalizia tu. Shambani tunapakia mkonge hivi hivi, na anayeinulia mgongo hamalizi msimu. Sasa mguu huo huo ndio unaomrusha juu mcheza netiboli. Ndio unaomchomoa mkimbiaji kwenye mstari. Chuma kinaufundisha mguu, halafu michezo yote inakula hapo."

Koleta akamwomba arudishe kinu mahali pake, kwani kahawa haitwangiki hewani. Akaongeza kwamba yeye hukitoa ndani na kukirudisha kila siku, na hajawahi kusikia kikao cha kujadili mabega yake.

"Kinu ni kazi, shemeji," Kamati akamfafanulia kwa upole mwingi. "Chuma ni mchezo."

"Ahaa. Kwa hiyo mzigo usio na makofi hautudhuru. Wenye makofi ndio unatuharibu."

Kamati alikohoa, akatafuta msaada, na macho yake yakamwangukia Tumainieli.

"Ushahidi huu hapa umekaa. Mwaka juzi, msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kujenga zahanati. Pembe inalia, tunatoka na majembe, tunakuta Greda ameshasomba mawe saba ya msingi kutoka korongoni, peke yake, amekaa juu ya lile la kona. Lile la kona! Wanaume wawili tuliligeuza tukaomba maji. Nionyesheni mwanamke wa kazi ile, nitasaini karatasi yoyote mtakayoleta."

Jina la Greda lilitoka siku ile. Tangu hapo Tumainieli alikaa upande wa benchi wenye kivuli, akapewa kikombe cha kwanza, na vijana walimwamkia kutoka mbali. Lilikuwa jina tamu, asingeficha. Hakuwahi kusema kwamba alibeba. Hakuwahi kusema kwamba hakubeba. Na Dorkas, hata wenzake wa shule walipomsifia nguvu za baba yake, aliitikia tu kwamba ni kweli, mzee ana nguvu. Hilo ndilo lililomuuma Tumainieli kuliko yote.

Akatoa barua, akaiweka mbele ya Kamati.

Kamati akasoma, akaliona jina, akakunjua uso. Akasema kwa heshima ya Greda ataunda kamati ndogo, ikutane wiki ijayo.

"Gari ni kesho," Tumainieli akasema. "Na wewe umesema ukionyeshwa mwanamke utasaini."

"Nionyeshe."

"Mawe yale alibeba Dorkas."

Koleta akapunguza redio.

"Mgongo ulikuwa umenikamata, siku ya tatu ile," Tumainieli akaendelea, bila kumtazama mtu. "Fungu la kaya yetu lilikuwa mawe saba. Mtoto akaamka kabla ya pembe, akayabeba yote. Mimi nilijikongoja na fimbo, nikakaa juu ya jiwe kwa sababu nilishindwa kusimama. Mkaja, mkanipigia makofi. Makofi yale ni ya mwanangu, na mimi nimeyala miaka miwili."

Sefu aliinamia kikombe chake ili kicheko kisimtoke. Kamati alibaki ameishika barua kama aliyepewa mtoto mchanga.

"Na lile la kona?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Alichuchumaa. Kama Mkonge alivyochuchumaa sasa hivi."

Kamati akaomba kalamu. Akasaini polepole, akaandika cheo chake chote, akapuliza wino ukauke. Kisha akasimama, maana yeye hakuweza kutamka azimio akiwa amekaa.

"Ndugu wajumbe. Kijiwe hiki hakiwezi kutunza jina la mtu mwingine. Greda amepatikana, na kesho saa mbili anakwenda kambini. Huyu mzee wetu, kuanzia leo, ataitwa Baba Greda. Wanaokubali?"

Mikono ikanyooka, wa Koleta kwanza, na kikombe ndani yake. Tumainieli akaikunja barua, akairudisha mfukoni, akalijaribu jina hilo kwa sauti ya chini. Akaliona zito kuliko la kwanza, ila hili aliweza kulibeba.