Viatu Vyeupe Chini ya Kitanda

Jumatatu, mwezi wa Tikimt, tarehe 4

Yeshi amenunua raba. Nyeupe. Za kufunga kamba. Mke wangu, mwanamke wa miaka sitini na sita, bibi wa wajukuu! Nikamuuliza za nini. Akasema za kwenda nazo kanisani alfajiri.

Machale yakanicheza. Kanisani watu huvua viatu mlangoni. Nani mwenye akili zake atakwenda na viatu vya kuinama kufungua kamba, na kiuno hiki cha uzeeni? Nimekuwa mtunza stoo wa kiwanda cha mablanketi hapa Debre Berhan maisha yangu yote ya kazi. Watu wametoka getini na blanketi tumboni wakiniambia ni shibe. Sidanganyiki.

Alipokwenda sokoni nikapiga magoti, nikachungulia chini ya kitanda. Kuna boksi. Ndani ya boksi kuna raba nyingine. Za kiume! Namba arubaini na mbili. Mimi huvaa arubaini na moja, ndiyo namba tuliyokuwa tukigawiwa kiwandani, na sijawahi kuvaa nyingine.

Nimelirudisha boksi kama lilivyokuwa. Supu ya jioni sikuisikia ladha.

Jumanne, Tikimt 5

Nimemfuata. Saa kumi na mbili alfajiri, baridi ya kukata masikio. Nilijitanda gabi langu, lile shuka zito la pamba, nikabakiza macho tu ili nisijulikane. Muuza mkate akaniita kwa heshima ya wazee: "Gashe Wondafrash, umeamkaje? Unamfuata mama? Kapita sasa hivi, kashika njia ya uwanjani!" Fundi viatu naye akanielekeza bila kuulizwa. Mji huu hauna siri isipokuwa za kwangu, nilizofichwa mimi.

Kanisa liko kulia. Yeshi alikwenda kushoto.

Nikajibanza nyuma ya mkaratusi, matope hadi kwenye kifundo, nikaona mambo. Wazee wa mtaa mzima wako uwanja wa mpira, wanarusha mikono na kuinua magoti. Watu niliodhani wako kitandani wanangoja siku zao! Anayewaongoza ni Ato Lakew, mwalimu mstaafu wa michezo, mgane. Suti nyekundu ya michezo. Filimbi shingoni. Nywele zimepakwa piko nyeusi tii, na mtu ana miaka sabini na tatu.

Lakew akasema jambo, Yeshi akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Sikumbuki lini mara ya mwisho alicheka hivyo nyumbani kwetu. Iliniuma. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: iliniuma sana.

Jumatano, Tikimt 6

Mimi uzee wangu niliupangia mapema. Mzee ana kigoda chake mlangoni, ana jua lake, ana gabi lake. Watu wanapita, wanainama, wanamsalimia, naye anawabariki. Kazi kwisha. Tangu Pasaka Yeshi amekuwa akinisumbua twende tukatembee, nami nikamjibu kwamba kutembea ni kazi ya watu wenye pa kwenda.

Asubuhi, walipoondoka, nilirudi uwanjani na uzi. Pale kwenye mkaratusi niliona nyayo safi kabisa kwenye matope, za mwanamume, amesimama muda mrefu. Mguu wa kushoto umeburuzwa. Nikapima kwa uzi. Nikarudi nyumbani kwa hasira, nikaulinganisha na soli za raba za boksini. Sawasawa, uzi nikiuvuta kidogo! Ni yeye. Sikujua kama Lakew naye huburuza mguu wa kushoto kama mimi. Filimbi inaficha mengi.

Mchana nikaenda kwa padri wetu wa toba, nikamweleza kwamba wazee wanarukaruka uwanjani kama mbuzi waliofunguliwa. Nilitarajia awakemee. Akaniuliza wanaanza saa ngapi. Kisha akaniuliza kama nimekuja kuungama dhambi zangu au za watu, akaniamuru nisujudu mara arubaini kwa ajili ya umbeya. Magoti yamevimba. Namshuku padri pia.

Alhamisi, Tikimt 7

Mpango mpya. Nimeugua. Mke hawezi kumwacha mume mgonjwa akaenda kurusha miguu. Nilianza kuugulia kabla ya jogoo, taratibu, nikaongeza.

Nilisahau jambo moja. Mtu akiugua mtaani kwetu, watu huja kumjulia hali, na wakija hawaondoki. Ilipofika saa moja chumba kimejaa. Jirani yetu wa kike, Weyzero Aselefech, alikuja na mkate mzima, akaketi miguuni pangu, akaula. Yeshi akatazama umati ule, akafunga kamba zake, akasema maadamu nina watu wa kukaa nami, yeye anatoka kidogo.

Anatoka! Mbele ya mashahidi!

Walirudi wote pamoja kutoka uwanjani, jasho linawatoka, wakaja kuniona. Lakew aliniletea machungwa. Akanishika mkono, akauinua juu, akaushusha, akauinua, akanihesabia moja hadi kumi. Akasema mwili ninao, ila nimeuweka stoo. Wote wakacheka. Yeshi pia. Machungwa nimeyala, lakini kwa tahadhari.

Ijumaa, Tikimt 8

Nimezidiwa. Yaani nimeamua kuzidiwa. Nilikataa chakula, ingawa leo ni siku ya kufunga na hakikuwapo cha maana cha kukataa. Nilimwita Aselefech, nikamwambia kwa sauti ya pumzi kwamba nimemsamehe kila mtu, Lakew awe wa mwisho. Nikamwagiza kwamba siku yangu ikifika, chama cha kuzikana kinipigie hema jipya, si lile kuukuu linalovuja. Hema jipya nimelitunza mimi mwenyewe kwenye stoo ya chama miaka tisa, halijapata kunyeshewa.

Aselefech alilia vizuri. Nikamwambia Yeshi akienda tena asubuhi, huenda asinikute. Yeshi akanitazama sana. Akaniuliza kama nimeficha mkate chini ya mto. Nikageukia ukutani.

Yeye hulala mara moja. Mimi nilikula mkate.

Jumamosi, Tikimt 9

Leo nimekufa. Naandika kwa utaratibu, maana kichwa kinauma.

Alfajiri Yeshi aliondoka. Aliondoka! Alimwachia Aselefech ufunguo aje kuniangalia. Nikasema sasa ndiyo sasa. Nikalala chali, nimenyooka. Nikajifunika gabi hadi juu ya uso. Nikaweka kitabu cha Zaburi kifuani, kwa kupendezesha tu. Mpango ulikuwa Aselefech aingie, ashtuke, akimbie uwanjani kumwita Yeshi, naye Yeshi arudi, atubu, azitupe raba.

Aselefech aliingia. Nikabana pumzi. Akapiga yowe moja la kupasua vioo, akatoka mbio. Lakini hakukimbilia uwanjani. Alikimbilia kwa Debebe, mpiga tarumbeta wa chama, ambaye nyumba yake iko karibu zaidi. Aselefech maisha yake yote amependa kuwa wa kwanza kuwa na habari.

Mara nikasikia tarumbeta mtaani. Halafu sauti ya Debebe: "Wanachama! Ato Wondafrash mtunza stoo ametutoka! Uliyesikia mwambie ambaye hakusikia! Tokeni tukamsitiri mwenzetu!"

Ningeweza kutoka pale pale. Sikutoka. Nikawaza kwamba nafasi kama hii mtu haipati mara mbili: kuona nani atalia na nani atajifanya. Nikanyata hadi dirishani, nikachungulia kwenye ufa.

Walikuja haraka mno. Hata suruali sikuwa nimevaa. Wanawake walikwishaanza kuchemsha ngano na maharage ya msiba. Wanaume wakaanza kupigilia vigingi vya hema. Anayepigilia kwa nguvu kuliko wote ni Lakew, ambaye tarumbeta ilimkuta bado njiani kwenda uwanjani, suti yake nyekundu, kamasi zinamtoka, analia kama mtoto. Piko linamchuruzika shingoni. Mbona analia hivyo? Mtu akilia kupita ndugu wa marehemu, kuna kitu.

Kisha wakakunjua hema. Hema kuukuu! Lenye tundu! Siku ya msiba wangu!

Hapo nilijisahau. Nikasukuma dirisha, nikatoa kichwa nje: "Si hilo! Nilisema jipya! Liko nyuma ya mapipa, upande wa kushoto!"

Debebe aliangusha tarumbeta. Aselefech akazirai kwenye ngano. Wengine wakajifanyia ishara ya msalaba, wengine wakaruka ua, na ni watu ambao wiki iliyopita walikuwa hawapandi ngazi. Lakew alisimama na nyundo mkononi, mdomo wazi.

Halafu wote wakageuka kutazama barabara ya uwanjani, nami nikatazama.

Yeshi alikuwa anakimbia. Kilima kile! Mkufu unamruka kifuani, shuka lake limeanguka nyuma njiani, hakugeuka kuliokota. Nyuma yake kulikuwa na wenzake wa mazoezi, mbali, hawamfikii. Alikuwa analia jina langu. "Wonde! Wonde wangu, hata hukuningoja!" Hakuna aliyekuwa na sauti ya kumwambia. Watu wakamfungulia njia tu, akapita kati yao, akaingia, akanikuta nimesimama mlangoni na gabi, sijui mikono niiweke wapi.

Akanishika uso. Akanishika kifua. Akaweka sikio, akasikiliza. Kisha akaketi chini sakafuni, akalia upya. Nilijisikia mdogo kama punje ya shayiri, na wakati huohuo nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko siku ya harusi.

Furaha haikudumu. Alivua raba moja, akanipiga nayo ya paji la uso. Mwanamke ana shabaha, hayo mazoezi yanafanya kazi.

Halafu akavuta boksi kutoka chini ya kitanda, akalitupa miguuni pangu. "Vaa!"

Nikamwambia sivai viatu vya Lakew. Akauliza viatu vya nani. Nikamweleza yote: namba arubaini na mbili, nyayo za kwenye mkaratusi, uzi, mguu wa kushoto.  Akauliza ni nani aliyesimama nyuma ya mkaratusi Jumanne, maana uwanja mzima waliliona gabi. Nikalivuta gabi hadi kidevuni.

Akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema. "Wewe mzee! Miaka yote unavaa kiatu kinachokubana kwa sababu ndicho walichokugawia. Vidole vyako vimepinda, mimi ndiye ninayevikanda kila jioni, mimi nisijue namba yako? Nilinunua jozi mbili, nikasema za kanisani ili usinicheke. Nilikuwa nangoja siku utakayosema, haya Yeshi, twende. Sikwenda kule kumtafuta Lakew. Nilitaka tuzeeke wote wawili. Wewe umekwenda kuzeeka peke yako pale kwenye kigoda, umeniacha mimi nikutazame."

 Nikavaa. Vidole vyote kumi vilikaa mahali pake. Sikujua kama kiatu kinaweza kuwa hivyo. Nililia kidogo, nikasema ni paji la uso.

Nje kulikuwa na tatizo la kikatiba. Kanuni ya chama chetu inasema hema likishasimama kwenye ua wa mtu, halishushwi kabla watu hawajala. Mwenyekiti alikuna kichwa, akasema kanuni haisemi lazima awepo marehemu. Basi wakaleta hema jipya (kweli lilikuwa nyuma ya mapipa), wakala ngano yangu ya msiba, wakachoma kahawa. Lakew akaanza kuchezesha mabega. Wazee wakaingia mmoja mmoja. Yeshi alichezesha mabega yake mpaka watu wakampigia vigelegele, kisha akanivuta. Nikacheza. Kidogo tu. Nikiwa nimekufa, naona sikuwa na heshima ya kulinda.

Jumapili, Tikimt 10

Paji limevimba. Chama kimeketi baada ya ibada na kutoa uamuzi: kifo changu kijacho lazima kithibitishwe na watu watatu, na Aselefech asiwe mmoja wao. Tena nihudhurie uwanjani kila alfajiri ili waone wenyewe kama bado niko hai.

Padri alikuwa anapita. Akauliza tena wanaanza saa ngapi.

Jumatatu, Tikimt 11

Nimekwenda. Tulitembea bega kwa bega na Yeshi, na muuza mkate akatupatia mkate mmoja wa bure kwa furaha ya kufufuka kwangu. Nimerusha mikono. Nimeinua magoti, moja zaidi ya jingine. Yeshi alicheka mpaka akashika mbavu, na safari hii alikuwa ananicheka mimi. Nimekiri: asubuhi ilikuwa nzuri. Nimeamua kuwa mtu mpya, asiyeshuku watu.

Ila kuna jambo. Nilimuuliza Yeshi, kwa upole tu, alijuaje kwa hakika kwamba ni arubaini na mbili. Akasema alinipima kwa uzi nilipokuwa nimesinzia juani kwenye kigoda.

Uzi gani? Uzi wa nyumba hii ninao mimi, na nimeufunga mafundo, ungeguswa ningejua. Basi kuna mtu mwingine mwenye uzi. Na leo Lakew alinisalimia huku akitazama chini. Chini, mahali ilipo miguu yangu.

Kesho mchana nitakaa kwenye kigoda changu, nijifanye nimesinzia, miguu nimeitoa nje ya gabi. Atakuja tu.